Nimetumia huduma mbili za kupunguza mdomo wa kasuku: mmoja alikata mdomo, mwingine akaangalia ini

Wadau wa kasuku, hii ni tathmini ya huduma ya kupunguza mdomo, na humo humo ntasema na vile vitu vinavyouzwa kwa ajili ya mdomo na ini maana karibu vyote vimepita mikononi mwangu. Kwa wenye haraka jibu ni hili: kama mdomo wa kasuku wako unarefuka, unakatwa, halafu baada ya muda mfupi uko pale pale, tafuta kwanza daktari anayejua ndege ampime ini, kukata kutafuata. Fundi wa kukata nampa nyota moja kati ya tano. Daktari nampa nne, na hiyo moja niliyomnyima ntaieleza mbele.

Ndege mwenyewe anaitwa Kito, ni kasuku wa Amazon mwenye kichwa cha njano, aliachwa kwangu na ndugu yangu ambaye umri umeenda akawa hawezi tena kumhudumia. Alikuja na tundu lake na mfuko wa mbegu mchanganyiko, ambao ukiumwaga mezani unaona alizeti na karanga tupu, vingine vyote ni vya kupendezesha. Mdomo wa juu ulikuwa umerefuka na kupinda kuingia ndani, juu yake unabanduka magamba, kucha zimejikunja mpaka akisimama kwenye kijiti vidole havikai sawa. Manyoya ya mgongoni badala ya kijani safi yalikuwa na kingo nyeusi nyeusi. Na alikuwa mnene, yaani ukimpapasa kidari ule mfupa wa katikati huupati kirahisi, umezama kwenye mafuta.

Sasa fundi. Ni duka la wanyama ambalo pembeni wanatoa huduma ya kukata kucha, mabawa na mdomo, sitalitaja. Alimtoa Kito kwenye tundu kwa taulo, hapo sina neno, taulo ni sahihi, ila alichofanya baadae ni kumbana kifua kwa mkono mzima ili asifurukute. Jamani, ndege hana ule msuli wa kiwambo tulionao sisi chini ya mapafu. Anapumua kwa kidari kwenda mbele na kurudi nyuma, hicho ndicho kinachosukuma hewa kwenye mifuko yake ya hewa. Ukikibana kifua umemzuia kupumua, hata kama pua na mdomo viko wazi kabisa. Mshike kichwa vizuri pembeni ya taya, shikilia miguu, mabawa yatulizwe na taulo, kifua kiache huru. Na kwa ndege mnene au mwenye ini lililovimba ni hatari zaidi, kwa sababu tumboni nafasi imeshajaa, mifuko ya hewa imebanwa tayari kabla hata mtu hajamgusa. Kito alianza kufungua mdomo akihema na mkia unapanda na kushuka, nikamwambia fundi alegeze mkono, akalegeza kidogo kwa kunung'unika.

Halafu akakata ncha kwa mkasi wa kucha za mbwa, tap, mara moja. Mdomo wa kasuku sio kipande cha pembe kilichokufa. Nje ni tabaka la keratini, kitu kile kile cha kucha zetu, linaloota maisha yake yote, ndani kuna mfupa, na kati yake kuna mishipa ya damu na ya fahamu, tena kwenye ncha ndiko hisia zilikojaa kwa sababu anautumia kupapasa chakula na kila kitu. Mdomo ukirefuka kwa ugonjwa mara nyingi unakuwa laini na wa matabaka matabaka, kwa hiyo mkasi ukibana unaweza kuupasua kwenda juu. Wa Kito ulipasuka ufa mdogo na damu ikatoka. Fundi akapaka unga wa kuzuia damu, ikaendelea, akapaka tena, ikaendelea kuvuja taratibu muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno kwa kidonda kidogo namna ile. Hakuuliza anakula nini, hakumpima uzito, hakutazama kinyesi, wala hakushangaa damu kutokuganda. Akasema tu mdomo ukirefuka tena mlete. Na kweli ukarefuka tena.

Hiyo damu ndo iliyonipeleka kwa daktari, na ni daktari ambaye kazi yake kubwa ni ndege, sio wa ng'ombe na mbwa anayeona kasuku mara moja moja. Tofauti ilianza kabla hajamgusa. Alimtazama Kito akiwa ndani ya tundu kwa muda mrefu, anavyosimama, anavyopumua, kama mkia unapigapiga. Kisha akachomoa karatasi ya chini ya tundu akaileta kwenye mwanga, akanionyesha kitu ambacho kila mwenye kasuku anapaswa kukijua. Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu: ule mkunjo wa kijani au kahawia ambao ndio choo chenyewe, majimaji, na ile nyeupe. Nyeupe inatakiwa iwe nyeupe, au karibu na maziwa. Ya Kito ilikuwa na rangi ya chokaa iliyotiwa kijani. Sababu yake ni kwamba ndege hawana vizuri kile kimeng'enya cha kugeuza rangi ya nyongo kutoka kijani kwenda njano kama sisi, kwa hiyo binadamu akiumwa ini macho yanakuwa ya njano, kasuku akiumwa ini ile nyeupe inageuka kijani au njano ya kijani. Ndo manjano yake hiyo, na iko kwenye karatasi ya gazeti kila asubuhi ukiitazama kabla hujaitupa.

Baada ya hapo akampima uzito kwenye mizani ya gramu yenye kijiti juu yake, akaandika. Akampapasa kidari. Akamfungua mdomo kwa kifaa, akamulika tochi kwenye kaakaa, akaniita nitazame. Katikati ya kaakaa la kasuku kuna mpasuko, na kingo zake zinatakiwa ziwe na vijimwiba laini vilivyochongoka, vimejipanga. Vya Kito vilikuwa vimefutika, butu, kama hakuna kitu. Hiyo ni dalili ya kukosa vitamini A kwa muda mrefu, na mbegu hazina vitamini A ya maana. Ngozi ya ndani ya mdomo, ya pua, ya njia ya hewa, zote zinahitaji hiyo vitamini, na keratini ya mdomo pia inaota vibaya ikikosekana. Kwa hiyo mdomo mmoja, matatizo mawili yanakaa pamoja, chakula kibovu chenyewe na ini lililochoshwa na chakula hicho hicho.

Halafu akauangalia mdomo wenyewe. Kasuku wa aina ya Kito mdomo wake ni mweupe mweupe wa rangi ya pembe, kwa hiyo doa linaonekana. Akaupangusa kwa pamba yenye maji, akasogeza taa karibu, akanionyesha vidoa vyeusi viwili karibu na mzizi na kimoja kwenye ukucha wa mguu wa kushoto. Mimi nilivyoviona nyumbani nilijua ni uchafu wa chakula, ila uchafu ungetoka kwa pamba. Vile vilikuwa ni damu iliyovilia ndani ya keratini. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, likichoka damu inavuja kirahisi akijigonga kidogo tu kama kila siku, na kwenye mdomo na kucha alama inabaki humo mpaka iote itoke. Hapo akaniambia maneno ambayo kwangu ndo yamempa nyota nne: "Dada, mdomo ntaupunguza, ila leo sikati kitu mpaka nijue damu yake inaganda vipi."

Nimekaa na wapenzi wa ndege miaka, sijawahi kusikia mtu anayekata mdomo akisema hivyo. Na ndicho kigezo changu siku hizi nikiulizwa fundi gani mzuri: anayekataa kukata kwanza.

Vipimo vyenyewe. Damu ilitolewa kwenye mshipa wa shingo upande wa kulia, ambao kwa kasuku ndo mkubwa kuliko wa kushoto, kiasi kidogo tu, kanuni wanayofuata ni kutozidi asilimia 1 ya uzito wa mwili kwa ndege mwenye afya, kwa mgonjwa wanapunguza zaidi. Ukifikiria bajerigari, yule kasuku mdogo, wa gramu 35 maana yake ni theluthi ya mililita kwa juu kabisa, ndo maana sitaki mtu asiyezoea ndege amchome sindano. Walipozungusha kile kichupa kwenye mashine, yale majimaji yanayobaki juu ya chembe nyekundu, ambayo yanatakiwa yawe angavu au ya njano kwa mbali, yalitoka meupe mazito kama tui. Mafuta hayo, yanaelea kwenye damu. Sikuhitaji kusubiri maabara kuelewa mfuko wa alizeti ulifanya nini, maana kiini cha alizeti karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Maabara ikaleta asidi za nyongo ziko juu, kolesteroli juu, na kimeng'enya kinachoitwa AST juu. Hapa nikae kidogo maana watu wengi wanaletewa karatasi ya namba hawaelewi. AST peke yake haisemi ini, inapanda hata misuli ikiumia, ndege amebanwa tu au amechomwa sindano. Ndo maana daktari anayejua anaomba na CK, ambayo ni ya misuli: CK ikiwa kawaida na AST iko juu, basi macho yanaelekea kwenye ini. ALT, ambayo kwa mbwa na paka inaangaliwa sana, kwa ndege haisaidii, kwa hiyo ukiona daktari anakusomea ALT ya kasuku kwa kujiamini jua hapo pana mashaka. Asidi za nyongo ndizo zinazosema ini linafanya kazi kiasi gani. Na vile vimeng'enya kama AST, ini likiumwa miaka likabaki makovu, vinaweza kuonekana vya kawaida tu kwa sababu seli za kuvujisha zimebaki chache. Jibu la uhakika kabisa ni kuchukua kipande cha ini chenyewe, ila kwa ndege ambaye damu haigandi vizuri hilo halikimbiliwi, na daktari wangu hakulikimbilia. Alipiga eksrei, ini lilikuwa limetanuka kushoto na kulia kuvuka ule mstari unaovutwa kutoka begani mpaka nyonga. Na akapima klamidia, yaani ule ugonjwa wa kasuku unaosababishwa na Chlamydia psittaci, maana nao unashambulia ini na unaleta kinyesi cha kijani, halafu unaambukiza watu, na tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini kwa siku 45. Kito hakuwa nao. Nilishukuru aliupima, ndani ya nyumba nina mzee mwenye kifua kibovu.

Jibu likawa ini la mafuta. Kwa ndege ini ndo kiwanda kikuu cha kutengeneza mafuta mwilini, kwa hiyo ukimlundikia chakula chenye mafuta na kumfungia kwenye tundu asiruke, mafuta yanajazana humo humo kiwandani. Kasuku wa Amazon, bajerigari, kokatili na kokatuu waridi ndio wanaotajwa sana kwa shida hii. Majike wanaotaga mfululizo nao wako hatarini, kwa sababu ini linasukuma mafuta kwenda kwenye kiini cha yai.

Mdomo ulipunguzwa baada ya kutumia dawa na vitamini K na kumpima tena. Alitumia kijimashine cha kusagia kinachozunguka, kidogo kidogo, akisimama kila mara kumwacha Kito ameze mate na kupumua, akaupa umbo kutoka pembeni kwanza halafu ncha, hakulazimisha ufike kwenye urefu wa kitabuni siku hiyo hiyo. Sababu ni kwamba mdomo ukirefuka muda mrefu hata mishipa ya ndani inaweza kusogea mbele nao, ukikata kwa pupa unaikuta. Hakukuwa na tone la damu. Jioni Kito alikula. Alipotoka kwa fundi alikaa mpaka kesho yake anachezea chakula bila kukitafuna, na ndege mnene mwenye ini la mafuta asipokula ni jambo baya sana maana mwili unayeyusha mafuta yake unayapeleka kule kule kwenye ini.

Sasa ile nyota niliyomnyima daktari. Maelekezo ya lishe mpya alinipa kwa maneno matupu, "mhamishe kwenye peleti taratibu", yaani kile chakula cha punje kilichotengenezwa kiwandani, basi. Taratibu ni nini? Nikipiga simu ninaambiwa yuko na mgonjwa. Kwa ugonjwa huu chakula ndo tiba yenyewe, dawa zinasaidia tu, kwa hiyo kliniki inayotoa karatasi nzuri ya vipimo halafu haina karatasi hata moja ya jinsi ya kubadilisha chakula imeacha kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye ndege. Watu wanaenda nyumbani wanatoa mbegu zote siku moja, kasuku anakataa kula, anakufa, lawama inaenda kwa peleti. Hili ningependa walirekebishe na nimewaambia.

Kwa hiyo niwaambie mimi kilichofanya kazi, na hapo naingia kwenye bidhaa. Kitu cha kwanza na bora kuliko vyote nilivyonunua ni mizani ya gramu, ile ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu 1. Nyota tano, hata wasingenipa ndege mgonjwa ningeinunua. Kila asubuhi kabla hajala na baada ya kujisaidia kile kinyesi kikubwa cha usiku, anasimama juu yake, naandika. Ukibadilisha chakula mizani ndo inakwambia kama anakula kweli au anamwaga tu peleti chini, kwa macho huwezi kujua maana manyoya yanaficha mwili. Akishuka kukaribia asilimia 10 ya uzito alioanza nao, rudisha chakula alichozoea na umpigie daktari. Kwa kasuku wa gramu 500 hiyo ni gramu 50. Kwa bajerigari ni gramu 3 na kitu, unaona jinsi nafasi ilivyo ndogo.

Peleti zenyewe nampa nyota nne. Nilianza kwa kuziponda na kuzipaka kwenye mboga za rangi anazozipenda, viazi vitamu vya njano vilivyochemshwa, karoti, majani ya kijani kibichi, ambavyo vyenyewe ndo vinampa mwili malighafi ya vitamini A. Mbegu nikawa nampa kwa muda maalumu tu asubuhi na jioni, mchana mzima mbele yake ziko peleti, na nilikuwa najifanya nazila mimi mbele yake, kasuku anataka kile unachokula wewe. Alizeti haikufutika moja kwa moja, ila sasa ni zawadi ya mafunzo, moja moja, anaifanyia kazi. Madaktari wengi wa ndege wanataka peleti iwe kama asilimia 60 mpaka 80 ya chakula, zingine mboga na matunda kidogo, na mimi nimekaa hapo kwa chini. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya zile za rangi rangi. Zile nyekundu na kijani zinapaka rangi kinyesi, na kama nilivyosema ile rangi ndo taarifa yako ya ini ya kila siku, sasa ukishaipaka rangi unasoma nini? Chukua za rangi moja ya kahawia, zisizoongezwa sukari.

Karanga zilizomo kwenye mifuko ya mchanganyiko, hasa zile za maganda, nimeziondoa kabisa na ninawashauri na nyie. Karanga zikihifadhiwa kwenye unyevu zinaota ukungu wa Aspergillus unaotoa sumu ya aflatoksini, na hiyo sumu inapiga ini moja kwa moja. Hadithi yake yenyewe ilianzia kwa ndege: mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, kuja kuchunguza ni chakula chao kilikuwa na unga wa karanga wenye ukungu, na ndipo sumu hiyo ikajulikana. Kwa macho huoni wala kwa pua husikii. Kwa ndege ambaye ini lake tayari ni bovu sioni sababu ya kubahatisha.

Ule mfupa mweupe wa ngisi na jiwe la madini, nyota tatu. Ni chanzo kizuri cha kalsiamu na anapata kitu cha kung'ata. Ila lile tangazo la kwamba vinapunguza mdomo mrefu sio kweli kwa mdomo wa ugonjwa. Kasuku mzima anajinoa mwenyewe, ule mlio wa kusaga anaoutoa akikaribia kulala ni mdomo wa chini unasaga wa juu, na akipata mbao za kutafuna na matawi ya ukubwa tofauti mdomo unajitunza. Akiwa nayo yote hayo na bado mdomo unakimbia, jiwe halitauzuia.

Vijiti vilivyovishwa msasa, nyota sifuri. Vinachubua nyayo, vidonda vinaingia wadudu, na mdomo haviufanyi chochote. Mafuta ya kupaka mdomo nayo nayaweka huko huko. Magamba kidogo ya juu ni kawaida, keratini inajibandua, lakini magamba mengi yanayorudi ni ujumbe, na mafuta yanaufanya mdomo ung'ae tu wakati chini yake mambo yanaendelea. Nimeona ndege anayeng'aa mdomo kwa mafuta ana kinyesi cha kijani.

Vitamini za matone za kuweka kwenye maji, nyota moja. Maji yanabadilika ladha, wengine wanaacha kunywa, bakteria wanaongezeka kwenye chombo, na kiwango anachokipata hakijulikani. Vitamini A ikizidi nayo ni sumu, na ikihifadhiwa ni kwenye ini, lile lile tunalojaribu kulipumzisha. Kama anakula peleti usimwongezee juu bila daktari.

Dawa ya mmea wa mbaruti-maziwa, ile silimarini, daktari alimpa Kito pamoja na laktulosi, kwa kipimo cha gramu zake. Nikiangalia ile nyeupe ya kinyesi naona imerudi nyeupe, ila alikuwa pia amebadilisha chakula, siwezi kusema kipi kimefanya nini, kwa hiyo siipi nyota. Nachosema ni kwamba zile za matone za watu zinazouzwa kwa ajili ya ini nyingi zimetengenezwa kwa kilevi, usimpe ndege.

Mdomo umenyooka? Umenyooka, ila inachukua miezi, kwa sababu ile keratini mbovu iliyokwisha kuota haitengenezeki, lazima isukumwe mbele na mpya itoke. Pale mzizini unaona mstari kabisa, juu laini na imara, chini ya mstari magamba ya zamani, na vile vidoa vyeusi vimesogea taratibu kuelekea ncha mpaka vikasagika. Hakuna vipya. Kingo nyeusi za manyoya zimeondoka alipopukutisha na kuota mengine. Ameshuka uzito polepole na sasa anaruka kutoka tunduni mpaka mgongoni mwa kiti, kitu ambacho alipokuja hakuweza.

Na nisije nikamfanya kila mtu aone ini kila mahali. Bajerigari mwenye ukoko wa vitundu vitundu kuzunguka mdomo na juu ya pua, hao ni utitiri wa ngozi wanaoitwa Knemidokoptes, daktari anampa dawa ya matone wanaisha, ila mdomo ukichelewa unapinda moja kwa moja. Mdomo wa juu ulioenda pembeni kama umepishana na wa chini kwa kinda ni wa kulelewa au kuumia, unarekebishika mapema akiwa bado anakua. Kokatuu anatakiwa awe na unga unga kwenye mdomo, ukiuona mdomo mweusi unang'aa na manyoya yanaota mabovu, uliza kipimo cha virusi vya sirko (circovirus), vinavyoharibu mdomo na manyoya, na umtenge na wenzake siku hiyo hiyo. Mdomo uliopasuka kwa kugonga dirisha ni wa dharura. Ini ndo linalokuja kimya, kwa ndege anayekula vizuri, anayeongea, mnene wa kupendeza.

Ukienda kuomba hii huduma, piga simu kwanza uulize: mnampima uzito kwa gramu? mnatumia mkasi au mashine? damu mkichukua mnaangalia asidi za nyongo na CK? mna karatasi ya kubadilisha chakula? Akikwambia leta tu tukate, endelea kutafuta. Na unapoenda chukua karatasi ya tundu ya usiku ule bila kuikunja, na mfuko wa chakula anachokula kweli, sio kile kilichoandikwa kwenye lebo, mabaki ya bakuli pia, daktari aone anachagua nini na anaacha nini.